Jinsi ya kuizunguka Ahmedabad ya zamani kwa miguu: vichochoro, visima vya ngazi na misikiti ya Wasidi

Watu wetu wengi wanaofika Ahmedabad wanafika kwa shughuli, ama umekuja kusoma, ama umemsindikiza mgonjwa, ama unafuata vitambaa, basi ratiba inakuwa hosteli na chuo, hospitali na hoteli, stoo na eapoti, afu mtu akirudi Dar anakwambia ule mji hauna kitu ni joto na honi tu. Mi nimekaa pale miaka miwili na kila nikisikia hivyo inaniuma kabisa. Ule mji umeanzishwa 1411 na Sultani Ahmad Shah, upande wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 UNESCO waliuweka kwenye orodha yao ya urithi wa dunia, mji wa kwanza India nzima kuingia. Na ndani yake kuna mawe yaliyosimamishwa kwa jina la Waafrika, ndo hao Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, karne ya 15 na 16 huko, na watu wetu wanapita pembeni yake na bajaji bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo hapa naandika njia ninayompitisha mgeni wangu akija. Siku tatu zinatosha bila kukimbizana. Ukiwa na siku moja tu, fanya hatua ya 3, 4 na 5, zote ziko ndani ya mji wa zamani na unatembea kwa miguu.

Hatua ya 1: Jipange kabla hujatoka

Nenda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Aprili mpaka Juni joto linapita nyuzi 40 na pale kuna mawe kila mahali, utachemka. Ukiweza kuwepo tarehe 14 Januari ndo sikukuu ya vishada, Uttarayan, mji mzima unapanda juu ya mapaa kurusha vishada toka alfajiri, na kwenye nyumba za zamani wageni wanakodishiwa paa. Ila siku hizo usikae nyuma ya pikipiki bila kufunika shingo, ule uzi unapakwa unga wa chupa na unakata kweli.

Viza unaomba mtandaoni, kadi ya njano ya chanjo beba, mengine ya kawaida tu. Jambo moja watu hawalijui: Gujarat, jimbo lenyewe la Ahmedabad, pombe ni marufuku kisheria, kuna utaratibu wa kibali kwa wageni lakini usije na chupa kwenye begi ukidhani ni kama Mumbai.

Kwenye begi lako weka kanga au kikoi, ya kujifunika mabega ukiingia msikitini au hekaluni, na soksi nene. Soksi ndo muhimu kuliko unavyodhani! Kila mahali unavua viatu mlangoni, na saa saba mchana ile sakafu ya jiwe uwanjani inaunguza nyayo kama kikaango. Na tembea na noti ndogo ndogo za rupia, wenyewe siku hizi wanalipa kila kitu kwa simu hadi muuza chai, lakini wewe usiye na akaunti ya benki ya kule utabaki na cash, na muuza chai hana chenji ya noti kubwa.

Kuhusu lugha, usiogope. Jifunze "kem cho", yaani hujambo, jibu lake "maja ma", nipo poa, na hapo milango inafunguka. Majina wanayaongezea heshima, mwanaume unamwita fulani-bhai, mwanamke fulani-ben. Halafu kuna mtego: kwa Kigujarati mama ni mjomba, kaka ni baba mdogo, na dada ni babu mzaa baba, kwa hiyo ukisikia mtoto anamkimbilia mzee wa ndevu nyeupe anamwita "dada" usishtuke. Lakini pesa, gari, laki, chapati, achari, hayo utayasikia sokoni na utajisikia kama uko Kariakoo, maana yametoka kule kule.

Hatua ya 2: Usafiri

Mji wa kisasa uko magharibi ya mto, mji wa zamani mashariki. Ukilala magharibi panda metro, ile laini ya mashariki–magharibi inapita chini ya ardhi kwenye mji wa zamani, ina stesheni Gheekanta na Kalupur. Hizo mbili ndo zako. Kwingine kote ni bajaji (wao wanaita auto au riksha), mwambie mita au patana bei kabla hujakaa, mi wiki ya kwanza nilikaa kwanza nikauliza baadaye na nililipa mara tatu ya bei, basi nilijifunza hapo. Ndani ya mji wa zamani achana na bajaji kabisa, vichochoro vingine hata mikono ukiitanua inagusa kuta zote mbili.

Hatua ya 3: Anza saa mbili asubuhi hekalu la Kalupur, uingie kwenye pol

Manispaa ya Ahmedabad ina matembezi ya urithi yenye kiongozi, yameanza tangu 1997, yanaanza saa mbili asubuhi pale hekalu la Swaminarayan (dhehebu la Wahindu), Kalupur, na yanaishia Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa, kama masaa mawili na nusu. Tiketi ni bei ndogo. Nakushauri siku ya kwanza uende nao, hata kama hupendi makundi, kwa sababu bila mtu wa kukuonyesha utapita mbele ya mlango ambao nyuma yake kuna mtaa mzima na wewe ukadhani ni nyumba ya mtu.

Hekalu lenyewe ni la 1822, la kwanza la Swaminarayan duniani, na mbao zake ni msaji wa Burma umechongwa na kupakwa rangi kali, njano, bluu, nyekundu. Liangalie dakika chache tu, kwani utamu uko mbele.

Utamu ni pol. Pol ni mtaa uliofungwa, una geti moja la mbao, juu ya geti kuna kichumba cha mlinzi, ndani nyumba zimebanana na zamani waliishi watu wa ukoo mmoja au kazi moja au dini moja, usiku geti linafungwa. Humo ndani mambo ya kuangalia ni haya, na usiende haraka:

Kwanza otlo. Ni kile kibaraza cha jiwe mbele ya nyumba ambapo watu wanakaa jioni, wanamenya maharage, wanapiga stori, wanaangalia nani kapita. Sisi tunaita baraza na matumizi ni yale yale mpaka mkao. Ukimkuta bibi amekaa msalimie kwanza, kama ambavyo ungefanya Mkunazini au Mji wa Kale Mombasa. Mi nimeshapotea humo simu imezima, nikasimama kwenye otlo ya bibi mmoja, hajui Kiingereza mi Kigujarati changu cha maneno kumi, akaniletea maji kwenye kikombe cha chuma, afu akamtuma mjukuu wake anitoe mpaka barabarani.

Pili chabutro, mnara mwembamba wenye kichwa kama kiota umesimama katikati ya njia, ni wa kulishia ndege. Walipojenga mtaa miti ilikatwa, basi wakawasimamishia ndege pao. Asubuhi utakuta njiwa na kasuku wa kijani wanagombania nafaka pale juu.

Tatu milango na nguzo. Wewe uliyeona milango ya Unguja, ile aina inayoitwa ya Kigujarati, yenye vijumba vya mraba mraba na inajikunja, hapa ndo unakutana na ndugu zake. Weka kidole kwenye nakshi ya nguzo uone ilivyolainika na mikono ya watu.

Nne, ukikaribishwa ndani (omba tu kwa adabu, wengine wanakubali), angalia ua wa katikati na uulize kuhusu tanka. Chini ya ule ua kuna tangi limejengwa ardhini, maji ya mvua yanashuka toka paani kwa bomba mpaka humo, na familia ilikuwa inakunywa hayo mwaka mzima.

Picha za nyumba piga, picha za watu omba. Milango iko wazi lakini ni nyumba za watu.

Hatua ya 4: Jama Masjid, makaburi ya wafalme, na Manek Chowk

Jama Masjid ni ya 1424, jiwe la manjano, ukumbi una nguzo 260, na mwanga unaingia kwa juu kidogo kidogo hivi kiasi kwamba ndani kumepoa na kila mtu anaongea kwa kunong'ona. Ilikuwa na minara miwili mirefu, tetemeko la 1819 likaiangusha, utaona vishina vyake pembeni ya mlango mkuu. Usiende wakati wa sala kama hujaenda kuswali.

Toka mlango wa mashariki. Hapo ndo kaburi la Ahmad Shah mwenyewe, Badshah no Hajiro, wanawake hawaingii chumba cha kaburi, na mbele kidogo ni Rani no Hajiro, makaburi ya malkia, yako kwenye ua umeinuliwa na pembeni yake wamezunguka wauza nguo za kina mama na bangili. Kuna hadithi wanayoipenda pale, kwamba mji ulipimwa na Waahmed wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa sala ya alasiri maishani. Mmoja ni sultani, mwingine ni Shekhe Ahmed Khattu, na huyu utamkuta tena hatua ya 7.

Soko la Manek Chowk liko hapo hapo na ukweli unatakiwa uliangalie mara tatu, asubuhi ni mboga na majani ya ng'ombe, mchana ni masonara na wauza dhahabu na fedha, usiku masonara wakifunga vinatoka viti vya plastiki na makarai, mnakula mpaka usiku wa manane. Pav bhaji (rojo la mboga na mkate), dosa (chapati nyembamba ya mchele), kulfi (aiskrimu yao). Kaa karibu na mpishi uone ile siagi inavyoingia.

Hatua ya 5: Fuata nyayo za Wasidi

Hii ndo sababu hasa ya mimi kuandika.

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wahenga wao walivuka bahari kwa karne nyingi, toka Uhabeshi na toka mwambao wetu, wengine kama watumwa, wengine askari, mabaharia, wafanyabiashara, na kwenye dola la masultani wa Gujarat baadhi walipanda mpaka wakawa makamanda na watu wenye mali. Mmoja ni Sidi Saiyyed, Mhabeshi, na msikiti wake uko Lal Darwaza katikati ya makutano ya barabara, mabasi yanauzunguka. Ulijengwa 1572 hadi 1573, mwaka ambao dola lenyewe lilikuwa linakufa, Akbar, mfalme wa Wamughali, anaingia Gujarat.

Msikiti ni mdogo. Usitegemee ukubwa. Nenda saa kumi na moja jioni, zunguka upande wa nyuma, ukuta wa kibla, utazame juu kwenye nusu duara za madirisha. Jiwe limetobolewa limekuwa kama kitambaa cha lesi. Dirisha lile maarufu lina mti, shina lake linapanda, matawi yanajikunja yanapishana, moja linapita juu ya lingine na chini ya la tatu, na katikati yake umesimama mtende, majani yamenyooka. Fuata tawi moja kwa jicho toka chini mpaka linapoishia, utapotea, rudi tena. Yote hiyo ni jiwe! Wanaume wakiingia ndani muda huo jua la magharibi linapenya kwenye matundu, wanawake huwa hawaingii ukumbini lakini nje ndo panaonekana vizuri zaidi kwa hiyo hujakosa. Uwazi wa katikati umezibwa na mawe matupu, hauna nakshi. Waingereza walishaugeuza huu msikiti ofisi ya serikali, na leo mti wake ndo alama ya mji, hata nembo ya IIM, chuo cha uongozi wa biashara cha hapo mjini, imetoka humo.

Ukishatoka, vuka barabara unywe chai kwenye mkahawa wa Lucky, umejengwa juu ya makaburi ya zamani na makaburi yapo ndani mpaka leo, yamezungushiwa vyuma, yamewekewa maua, meza ziko katikati yake na watu wanakula mkate wa siagi kwa utulivu tu. Ukutani kuna mchoro wa M. F. Husain, mchoraji maarufu wa India, aliowazawadia.

Kesho yake asubuhi nenda kwa Sidi Bashir, karibu na stesheni ya treni ya Kalupur. Hapo msikiti haupo, ulibomoka kwenye vita ya 1753 kati ya Wamaratha (dola la Wahindu la upande wa Maharashtra) na gavana wa Gujarat, imebaki minara miwili na tao la mlango katikati. Hii ndo minara inayotikisika, mtu akiutikisa mmoja juu, sekunde chache baadaye wa pili nao unatetema wakati lile daraja la katikati limetulia. Siku hizi hawaruhusu kupanda, na ni sawa wasiruhusu. Dakika kumi na tano zinatosha, lakini simama chini yake, angalia jina, Sidi.

Na Wasidi wenyewe wapo hai, sio historia ya makumbusho. Wanaishi Ahmedabad, wanaishi Jamboor karibu na msitu wa simba wa Gir, na wana ziara ya mtakatifu wao Bava Gor huko Ratanpur, wilaya ya Bharuch. Ngoma yao wanaiita goma. Goma! Wanaongea Kigujarati nyumbani, Kiswahili hawana, ila lile neno limebaki mdomoni. Ukibahatika kuwa mjini wakati wa urs (ziara ya kumbukumbu ya kifo cha walii) au sherehe, ulizia kama Wasidi watapiga. Ila nakuomba, usiende kwenye mtaa wao kupiga watu picha kama vitu vya ajabu, nenda kama jamaa, salimia, kaa, kunywa chai.

Hatua ya 6: Shuka kwenye visima vya ngazi

Kisima cha ngazi wanaita vav. Gujarat mvua ni ya miezi michache, maji yanashuka chini sana, basi badala ya kuvuta kamba walichimba ngazi pana mpaka kwenye maji yenyewe, na pembeni wakaweka vibaraza vya kupumzika wasafiri.

Wengi wanakimbilia Adalaj, kilomita 18 hivi kaskazini ya mji, na ni kizuri kweli, ghorofa tano chini ya ardhi, kilimalizika 1499. Ila cha kwanza nenda Dada Hari, pale Asarwa, kilijengwa na mama mmoja wa nyumba ya Sultani Mahmud Begada, mwishoni mwa karne ya 15, ni bure na mara nyingi utakuwa peke yako. Fika saa tano mpaka saa sita mchana, jua likiwa juu linashuka mpaka ngazi za chini. Kila ghorofa unayoshuka hewa inapoa, kelele za barabarani zinakatika moja moja, honi, pikipiki, watoto, mpaka unabaki na njiwa na sauti ya viatu vyako. Mle ndani kuna maandishi ya Kisanskriti upande mmoja na Kiarabu upande mwingine, kisima kimoja, yote mawili yanamtaja huyo mama. Maji leo hakuna au ni kidogo. Angalia unapokanyaga, na beba tochi.

Hatua chache tu toka hapo kuna Mata Bhavani, kisima cha zamani zaidi, ndani yake kumekuwa hekalu na watu wanasali, kwa hiyo vua viatu na usipige kelele.

Kama una siku ya ziada na unataka kisima kikubwa kuliko vyote hivi, Rani ki Vav iko Patan, mwendo wa masaa kama mawili na nusu kwa gari, ni kile kilichochorwa nyuma ya noti ya rupia 100.

Hatua ya 7: Jioni Sarkhej Roza

Chukua bajaji mpaka Makarba, kusini magharibi. Hapa ndo amelala yule Shekhe Ahmed Khattu, na Mahmud Begada naye na mkewe wamezikwa hapo, majengo ni ya katikati ya karne ya 15, yamezunguka bwawa kubwa lenye ngazi. Misikiti haina minara, mabanda yana nguzo nyembamba, ni pahali pa kukaa. Familia zinakuja na chakula, watoto wanacheza kriketi, wazee wamejilaza kwenye jiwe. Kwa maoni yangu ndo sehemu nzuri kuliko zote Ahmedabad na watalii hawaijui. Fika saa kumi, kaa mpaka magharibi.

Hatua ya 8: Vya haraka vilivyobaki

Makumbusho ya vitambaa ya Calico, Shahibaug, ilianzishwa 1949: lazima uweke nafasi mapema, wiki kadhaa kabla, nafasi ni chache na picha hairuhusiwi, ila kama unafanya biashara ya vitambaa usiikose. Hekalu la Wajaini la Hutheesing, nje ya geti la zamani la Delhi Darwaza, la 1848, marumaru nyeupe na vihekalu vidogo 52 vimelizunguka. Ashramu (makazi ya pamoja ya ibada na kazi) ya Kochrab, Paldi, ndo ya kwanza Gandhi aliyofungua India alipotoka Afrika Kusini, Mei 1915, kabla ya ile ya Sabarmati ambayo kila mtu anaenda, pametulia.

Chakula mji huu ni mboga kwa sehemu kubwa, na dal (mchuzi wa dengu) wanatia sukari, utazoea. Ukishindwa na mboga nenda Bhatiyar Gali karibu na Teen Darwaza, nyama ya moto ipo.

Hatua ya 9: Jumapili, Gujari

Panga siku yako ya mwisho iwe Jumapili. Chini ya daraja la Ellis kando ya mto kunakuwa na mnada wa vitu vya zamani, Gujari, fika mapema kabla jua halijakolea. Vyombo vya shaba, vitabu, majembe, vitanda, mbuzi. Mi kila nikienda natafuta vibao vya mti vya kuchapia vitambaa, vile vilivyochakaa vilivyotoka karakana. Nina kimoja chenye lile umbo lililopinda ncha, muuzaji akaniambia ni embe, nikamwambia kwetu kwenye kanga tunaliita korosho, akacheka akanipunguzia. Ukinunua kigeuze uangalie nyuma kama mti haujapasuka, kikwangue rangi kavu kwa kucha uone kama kingo za nakshi bado kali, na kwenye begi kifunge ndani ya nguo.